Picha za watoto wa vita na sentensi isiyo na mtenda

Wakazi wa Likoni hawahitaji kukumbushwa Jumapili ya tarehe 23 Machi 2014. Asubuhi hiyo watu wenye bunduki waliingia katika kanisa dogo la mtaani, ibada ikiendelea, wakawafyatulia waumini risasi. Watu wapatao sita walipoteza maisha na wengine zaidi ya kumi wakajeruhiwa. Miongoni mwa waliouawa alikuwamo mama mmoja aliyekuwa na mwanawe wa umri wa mwaka mmoja na nusu. Risasi ilipita katika mwili wa mama, ikaingia kichwani mwa mtoto, ikakwama humo.

Siku chache baadaye picha ya eksirei ya kichwa cha mtoto yule ilichapishwa magazetini, ikaonyeshwa kwenye runinga, kisha ikavuka bahari. Fuvu dogo, jeupe kama yai, na ndani yake risasi nzima. Mtoto alisafirishwa kwa ndege hadi Hospitali Kuu ya Kenyatta jijini Nairobi, na mwanzoni mwa Aprili madaktari wakafaulu kuitoa. Alipona. Kenya nzima ilimjua kwa jina wakati huo. Mimi jina lake silitaji katika makala haya, na sababu nitaieleza kabla ya kuweka kalamu chini.

Kilichonifanya niikumbuke picha ile baada ya miaka hii yote ni mabishano yaliyozuka darasani mwangu. Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili alikuja na simu mkononi, akatuonyesha mtoto aliyejaa vumbi na damu, amebebwa na mwanamume anayekimbia. "Mwalimu, huyu ni wa Goma," akasema. Mwenzake akamkatiza: picha hiyo hiyo ameiona ikisemwa kuwa ya Gaza. Wa tatu akadai kwamba hakuna mtoto wala mwanamume, ni kazi ya akili unde, tazameni vidole vilivyo sita. Wakavihesabu. Robo saa nzima ilipita wakibishana picha ni ya wapi na ni ya kweli au ya uongo, na katika robo saa hiyo hakuna hata mmoja aliyeuliza nani amemfanyia nini mtoto huyo. Siwalaumu. Hivyo ndivyo tulivyozoeshwa kuzitazama picha hizi: zinatujia moja baada ya nyingine kama mawimbi ya Shelly Beach, na kila moja huifuta iliyotangulia.

Juma lililofuata nikawapa zoezi. Niliichagua ile eksirei ya Likoni kwa kuwa haina uso wa mtu, nikawataka kila mmoja aandike maelezo ya picha kwa sentensi moja, kama kwamba ndiye mhariri wa gazeti. Wengi wao ni watoto wa upande wetu huu wa bara, Kisauni, Changamwe na Likoni yenyewe, na walikuwa shule ya msingi tukio lilipotokea. Nilizikusanya karatasi nikaenda nazo nyumbani. Sentensi zilikuwa za aina tatu tu. "Mtoto aliyepigwa risasi Likoni." "Mtoto aliyenusurika kifo kimuujiza." "Malaika asiye na hatia." Ukipenda unaweza kurudi katika magazeti ya mwaka 2014 uone kwamba wanafunzi wangu hawakubuni lolote, wamerithi.

Sasa naomba msomaji anivumilie nifanye kazi ninayolipwa kuifanya. Kauli ya kutendwa katika Kiswahili huturuhusu kumtaja mtendwa na kumwacha mtenda nje ya sentensi. "Amepigwa risasi" ni sentensi kamili. Sarufi haidai tuongeze "na fulani". Sentensi ya pili inakwenda mbali zaidi. "Amenusurika" haina mtenda hata wa kufichwa. Yumo mtoto na bahati yake basi. Ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Tukisema mtoto huyu hana hatia, tunadokeza bila kutaka kwamba wako wengine waliopigwa risasi ambao hatia wanayo, au walau hatujaamua. Je, mamake alikuwa na hatia gani? Wale waliokufa karibu naye, wakiwa na vitabu vyao vya nyimbo mikononi, walikuwa na hatia gani?

Wala mimi si msafi. Msomaji mwangalifu ameona kwamba katika aya ya kwanza kabisa nimeandika "risasi ilipita", "ikaingia", "ikakwama", kana kwamba risasi ilitoka nyumbani kwao ikaamua kutembea. Risasi haipiti, hupitishwa. Lakini ndivyo ulimi unavyotuelekeza tunapozungumzia watoto na vita, kwa sababu kumtaja mtenda kunahitaji ushahidi, na pia ujasiri.

Walimu wenzangu wa Kiswahili wataukumbuka ubishi wetu wa miaka mingi kuhusu maneno mhanga, mwathirika na mwathiriwa. Mhanga, kwa asili yake, ni mwenye kujitoa. Ndiyo maana tunasema fulani amejitoa mhanga. Kumwita mtoto wa mwaka mmoja na nusu mhanga wa vita ni kumpa nia asiyokuwa nayo. Mwathirika limetokana na kauli ya kutendeka, kauli ile ile ya kikombe kimevunjika na nguo imechanika: jambo limetokea, hakuna aliyelifanya. Mwathiriwa limetokana na kauli ya kutendwa. Mtenda anaweza kukosekana katika neno hilo pia, lakini mlango wake uko wazi: ameathiriwa na nani? Wengi huuona ubishi huu kuwa wa wahadhiri wasio na kazi. Mimi nauona kuwa ni ubishi juu ya mlango ule. Mwathirika hamwachii msomaji nafasi ya kuuliza.

Nafasi ya mtenda ikiachwa wazi, haikai wazi kwa muda mrefu. Msomaji huijaza mwenyewe, na huijaza kwa kile alicho nacho karibu. Tarehe 31 Machi 2014, mtoto wa Likoni akiwa bado hospitalini, milipuko iliua watu Eastleigh, Nairobi. Siku iliyofuata Sheikh Abubakar Shariff, aliyejulikana kwa jina la Makaburi, alipigwa risasi akafa nje ya mahakama ya Shanzu, huku kwetu Kisauni. Siku hizo hizo serikali ikaanzisha msako ulioitwa Usalama Watch. Maelfu ya watu walikamatwa, wengi wao Wasomali, Wakenya na wakimbizi kwa pamoja, na wengine wakazuiliwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani. Watoto nao walikuwamo. Sisemi kwamba eksirei ile ndiyo iliyozaa msako. Mambo ya serikali yana sababu nyingi, nyingine zikiwa hazisemwi. Ninalosema ni kwamba nchi ilikuwa imejaa huruma isiyo na anwani, na huruma ya namna hiyo hugeuka hasira haraka sana. Nilisikia kwa masikio yangu, kwenye foleni ya feri, mtu aliyekuwa na picha ya mtoto yule kwenye gazeti alilolishika akisema watu fulani "wote" warudishwe kwao. Hakuna aliyemjibu. Mimi pia sikumjibu.

Majuma saba kamili kabla ya shambulio la Likoni, tarehe 2 Februari 2014, polisi walivamia Msikiti Musa huko Majengo wakakamata watu zaidi ya 100. Baadhi yao walikuwa hawajafikisha umri wa miaka 18. Kwa Katiba yetu ya mwaka 2010, kila aliye chini ya umri huo ni mtoto, na Ibara ya 53 inasema maslahi yake yatangulizwe. Lakini sikumbuki kusoma popote neno mtoto likitumiwa kwa ajili yao. Walikuwa "vijana", walikuwa "washukiwa". Mtoto wa Likoni akawa "malaika". Umri ndio uliotofautiana kwa miaka kumi na kitu. Kilichowatenganisha hasa ni neno lililowekwa chini ya picha.

Kuna picha nyingine ambayo sikumbuki kuiona kabisa, na huenda ndiyo inayonisumbua zaidi. Majeshi ya Kenya yalivuka mpaka kuingia Somalia Oktoba 2011. Tarehe 30 ya mwezi huo ndege zilishambulia Jilib, kusini mwa nchi ile. Shirika la Médecins Sans Frontières lilisema kambi ya watu waliohama makwao ilipigwa, wakafa watu watano na wengine 45 kujeruhiwa, watoto wengi wakiwa miongoni mwa majeruhi. Jeshi letu lilisema kwamba lililenga wapiganaji wa Al-Shabaab. Sitajaribu kuwa hakimu baina yao. Nauliza tu: kama eksirei ya mmoja wa watoto wa Jilib ingelichapishwa Nairobi juma hilo, mhariri angeliandika nini chini yake? Angemwita malaika?

Wapo wanaosema dawa ni kuacha kuchapisha picha hizi kabisa. Siwaungi mkono, na ushahidi wangu unatoka Kongo. Tarehe 14 Mei 1904, mahali panapoitwa Baringa, mwanamume kwa jina Nsala, wa kijiji cha Wala, alifika kwa wamisionari akiwa na kifurushi cha majani. Ndani yake mlikuwa na mkono na mguu wa binti yake mdogo, Boali, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira ya Abir. Alice Seeley Harris, mmisionari Mwingereza, alimketisha Nsala barazani akampiga picha akivitazama viungo vile. Picha hiyo na nyinginezo zilichapishwa vitabuni na kuonyeshwa kwa taa ya picha katika kumbi za Uingereza na Marekani, watu wakapiga kelele, na mwaka 1908 Mfalme Leopold wa Pili akalazimika kuiachilia Kongo iliyokuwa mali yake binafsi, ikawa koloni la serikali ya Ubelgiji. Mateso hayakukoma siku hiyo, na waliokuwa wakizitazama picha zile kumbini hawakuwa wote watu wa kuwaona Waafrika kuwa ni watu sawa nao. Hata hivyo, angalia kilichoandamana na picha: jina la baba, jina la mtoto, kijiji, na jina la kampuni. Sentensi ilikuwa nzima. Kampuni haikuweza kusema kwamba Boali "ameathirika".

Linganisha na picha ya Ayod, kusini mwa Sudan kama ilivyokuwa ikiitwa. Mpiga picha Kevin Carter alimpiga mtoto aliyeinama kwa njaa, tai akimngoja nyuma, na gazeti la New York Times likaichapisha tarehe 26 Machi 1993. Mwaka uliofuata Carter alipata tuzo ya Pulitzer, na miezi michache baadaye akajiua. Dunia ilishughulika na Carter: mbona hakumbeba mtoto? Swali halikuelekezwa kwa wale waliokuwa wakipigana na kufanya chakula kisifike. Kwa miaka mingi maelezo yalisema kwamba yule ni msichana. Waandishi wa Kihispania walipofika Ayod mwaka 2011, waliambiwa na babake kwamba alikuwa mvulana, kwamba njaa ile haikumuua, na kwamba alifariki miaka kadhaa baadaye kwa homa. (Kiswahili kingetuepusha na kosa hilo, kwa vile mtoto kwetu ni mtoto tu, hana jinsia mpaka umpe. Lakini lugha isiyokosea si lazima iwe inajua zaidi.)

Mimi mwenyewe niliwahi kuwa upande wa pili wa kamera, au karibu yake. Mapema miaka ya tisini, Somalia ilipovunjika, familia nyingi za Wabajuni, Wabarawa na Wasomali zilihifadhiwa katika kambi ya Utange, Kisauni. Shangazi yangu aliishi si mbali na hapo, na siku za likizo tulikuwa tukienda kucheza na watoto wa kambini. Siku moja akaja mgeni na kamera mbili shingoni. Tulikuwa tumo katikati ya mechi, mpira wetu wa makaratasi na kamba, na Utange walikuwa wakituongoza. Mgeni alizungumza na mtu aliyeandamana naye. Mtu yule akatuita, akatutenga sisi wa mtaani kwa kuwa tulikuwa tumevaa viatu, akawaomba wengine waketi chini kwenye kivuli cha hema na wasicheke. Wakaketi. Mmoja wao, golikipa hodari, alishindwa kuzuia kicheko akaondolewa. Picha haikuwa ya uongo. Watoto wale walikuwa wakimbizi kweli, na njaa waliijua kuliko sisi. Lakini walikuwa wakiongoza mabao mawili kwa moja, na hilo halikuingia katika picha yoyote.

Miaka michache baadaye zamu yetu ikafika. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni karibu na feri, wakaua polisi, wakaiba bunduki, na fujo zikaenea. Zaidi ya watu 100 waliuawa na wapatao 100,000 wakahama, wengi wao wakiwa watu waliotoka bara kuja kufanya kazi Pwani. Wazee huviita vita vya Kaya Bombo. Magazeti yaliandika "ghasia" na "machafuko", na Tume ya Jaji Akiwumi baadaye ikachunguza "mapigano ya kikabila". Nilikuwa kidato cha tatu. Wanafunzi wenzangu kadhaa hawakurudi tena shuleni. Nakumbuka, miezi kadhaa baada ya hapo, nilinunua viazi karai kwa mama mmoja pale kivukoni, na nilipovimaliza nikaona kwamba karatasi niliyofungiwa ilikuwa na picha ya mtoto ameketi juu ya godoro nje ya kanisa, pamoja na sufuria na kuku. Mafuta yalikuwa yamelowa usoni pake. Nilisimama na karatasi ile kwa muda, sikujua niifanye nini. Kuitupa ilikuwa vibaya, kuiweka mfukoni ni upuzi. Hatimaye niliitupa.

Sheria zipo. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1990. Tuna Sheria ya Watoto ya 2022. Tuna kanuni za maadili ya wanahabari zilizoambatanishwa na Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013. Zote zinazungumzia faragha ya mtoto kwa namna moja au nyingine. Tunapenda kuzikumbuka anapokosea mgeni. Januari 2019, baada ya shambulio la hoteli ya DusitD2 jijini Nairobi, gazeti la New York Times lilichapisha picha ya maiti kwenye viti vya mkahawa, na Wakenya wakaghadhibika, kwa haki kabisa. Lakini miaka minne tu kabla ya hapo, baada ya wanafunzi na wengine 148 kuuawa Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, picha za sakafu ya bweni zilikuwa zikipita katika simu zetu wenyewe, za walimu na za wanafunzi, kabla wazazi hawajaambiwa. Nililetewa picha hizo na watu watatu, wote wasomi, na hakuna kati yao aliyekuwa mwandishi wa habari. Yaliyofuata yalikuwa bora: watu walianza kuandika majina ya marehemu mmoja mmoja, shule alizosomea, kozi aliyokuwa akiisoma, wakikataa wabaki tarakimu.

Na hapa msomaji ana haki ya kuniuliza: ikiwa jina ni jambo jema kwa Boali na kwa wanafunzi wa Garissa, mbona unalificha la mtoto wa Likoni? Kwa sababu yeye yu hai. Alikuwa na mwaka mmoja na nusu mwaka 2014. Hesabu yake si ngumu. Umri wake leo ni wa wanafunzi tunaowafundisha, na huenda ana mwalimu ambaye anasoma makala haya sasa hivi. Anao umri wa kuomba simu ya mtu mzima na kuandika jina lake mwenyewe kwenye kisanduku cha kutafutia. Kitakachotokea si matokeo ya mtihani wala picha ya timu ya mpira. Ni fuvu lake, na habari ya namna mamake alivyokufa, kwa lugha zaidi ya moja, pamoja na maneno malaika na muujiza. Marehemu hutajwa ili asipotee. Mtoto aliye hai hakuwahi kuulizwa kama anataka kupatikana. Wahariri wetu wanaweza kuliondoa jina hilo katika kumbukumbu zao za mtandaoni na kuiacha habari yenyewe ibaki. Ni kazi ya alasiri moja, na haihitaji sheria mpya.

Narudi kwenye karatasi za wanafunzi wangu, kwa kuwa nimesema ziko za aina tatu na kumbe nimesahau moja. Binti mmoja wa Likoni, asiyependa kusema sana darasani, aliandika sentensi isiyofuata maagizo, kwani haielezi kilichomo katika picha. Niliisoma mara mbili. Siku ya kurudisha kazi nilimwomba aisome mbele ya wenzake, akakataa, nikaisoma mimi bila ya kusema ni yake: "Aliyempiga mtoto huyu alimpiga mamake kwanza, naye hayumo kwenye picha." Darasa likanyamaza. Kisha yule aliyekuwa akihesabu vidole akauliza neno "naye" hapo linamrejelea nani, mama au aliyepiga. Kengele ikalia tukiwa bado tunalijadili.